Barabara Iliyoishia Handakini: Kisa cha Kaunti ya Swain na Ahadi ya 1943

Ukitoka Bryson City, mji mdogo wa magharibi mwa jimbo la North Carolina, ukashika barabara inayopanda kuelekea milimani, unaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains bila shida yoyote. Lami ni nzuri. Inavuka kijito cha Noland kwa daraja la juu, inazunguka vilima, na ziwa linachungulia chini kati ya miti. Baada ya kama kilomita 10 ndani ya hifadhi, barabara inaingia kwenye handaki lililotobolewa mlimani, lenye urefu wa mita 365 hivi. Gari haliruhusiwi kupita hapo. Unashuka, unawasha tochi, unatembea gizani ukifuata kijidoa cha mwanga kilicho mbele, na ukitokeza upande wa pili hukuti barabara tena. Kuna njia ya miguu na msitu, basi.

Wenyeji wameipa jina la Barabara Isiyokwenda Popote. Kwa miaka mingi, kabla ya kuingia hifadhini, palisimama kibao kilichowekwa na raia kikimkaribisha mgeni kwa jina hilo hilo, na chini yake kikataja ahadi iliyovunjwa: 1943 hadi alama ya kuuliza.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kwa sentensi moja, kwamba serikali iliahidi barabara mpya badala ya ile iliyozamishwa na bwawa la Fontana, na haikuijenga. Ni kweli, lakini sentensi hiyo inaficha jambo ambalo ndilo linanifanya nikirudie kila mara. Ahadi ile ilikuwa na wadai wawili. Mmoja aliandikwa kwenye mkataba, naye ni kaunti. Mwingine hakuandikwa popote, nazo ni familia zilizoacha wafu wao ng'ambo ya maji. Mdai wa kwanza alimaliziwa kulipwa mwaka 2018. Wa pili bado anavuka kwa boti.

Bonde lilikuwa kila kitu

Kaunti, kwa msomaji asiyezoea mfumo wa Marekani, ni kama wilaya: ina baraza lake, shule zake na kodi yake ya ardhi. Swain ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,400 hivi, na sensa ya 2020 iliwahesabu watu 14,117 tu. Mpaka wake wa kaskazini ni mgongo wa milima yenyewe, na ukiuvuka uko Tennessee. Kilele kirefu kuliko vyote kwenye mgongo huo ni Kuwohi, mita 2,025. Kwa zaidi ya miaka mia kiliitwa Clingmans Dome, hadi Septemba 2024 jina la Kicherokee liliporudishwa rasmi. Huko juu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na maji yote hayo yanateremka kwa vijito vya kasi: Noland, Forney, Hazel, Eagle. Mto Tuckasegee unapita katikati ya Bryson City, kisha unaungana na Little Tennessee.

Katika nchi ya namna hii kijito ndicho anwani. Mtu hakusema ametoka kijiji fulani, alisema ametoka Hazel Creek au Forney Creek, na msikilizaji akajua ukoo, kanisa na hata kaburi la babu yake. Miteremko ni mikali na ardhi ya kulima ni kipande chembamba kando ya maji. Hapo hapo ndipo palipowekwa shamba la mahindi, nyumba, shule, reli na barabara. Asiyeshika jambo hili hawezi kukielewa kisa kizima, kwa sababu bwawa likijengwa katika nchi tambarare linafunika sehemu ya nchi, lakini likijengwa katika milima hii linafunika bonde, na bonde lilikuwa kila kitu.

Siwezi pia kuandika juu ya watu wa 1943 kana kwamba wao ndio wa kwanza kuondolewa hapo. Kilomita chache kutoka Bryson City kuna Kituwah, mahali ambapo Wacherokee wanapahesabu kuwa mji mama wa taifa lao. Mwaka 1838 jeshi la Marekani liliwakusanya Wacherokee wa milima hii na jirani zake, likawapeleka magharibi kwa nguvu hadi sehemu ambayo leo ni Oklahoma, na maelfu wakafa. Waliofanikiwa kubaki ndio mababu wa Wacherokee wa Mashariki, ambao ardhi yao, Qualla Boundary, iko kwa sehemu ndani ya Swain. Mwaka 1996 walinunua tena uwanda wa Kituwah, zaidi ya ekari 300. Walilazimika kulipia kwa fedha taslimu mahali pao pa asili. Kaunti yenyewe ilianzishwa 1871, juu ya ardhi ambayo mwenyewe alikuwa ameshafukuzwa mara moja.

Baada ya Wacherokee walikuja wakulima wadogo, na baada yao wakaja wakata magogo. Hazel Creek ndiyo mfano mzuri. Kampuni ya W. M. Ritter iliingia bondeni mwanzoni mwa karne ya 20, ikalaza reli, ikajenga mji wa Proctor uliokuwa na wakazi zaidi ya 1,000 na hata ukumbi wa sinema, ikavuna misitu hadi 1928, ikaondoka. Familia zilizobaki zilirudia mahindi, ng'ombe na vibarua. Kisha ikaja hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa 1934 na kuzinduliwa na Rais Roosevelt 1940, ikachukua sehemu kubwa ya kaskazini ya kaunti. Leo takriban asilimia 86 ya ardhi ya Swain iko mikononi mwa serikali kuu, na serikali kuu haitozwi kodi ya ardhi. Baraza la kaunti linaendesha shule na zahanati kwa kodi ya kipande kinachobaki. Tutalihitaji jambo hili tukifika kwenye fidia.

Maneno ya mkataba

Ujenzi wa bwawa la Fontana ulianza Januari 1942, wiki chache baada ya Marekani kuingia vitani. Ndege za kivita zilihitaji aluminiamu, na aluminiamu inakula umeme. Mamlaka ya Bonde la Tennessee, TVA, shirika la serikali kuu la mabwawa na umeme, ilileta maelfu ya wafanyakazi waliopokezana zamu usiku na mchana, na Novemba 1944 milango ikafungwa, maji yakaanza kupanda nyuma ya ukuta wa mita 146, mrefu kuliko wowote mashariki ya milima ya Rocky. Miji midogo ya Judson, Almond na Bushnell ikazama. Ikazama pia sehemu kubwa ya barabara ya jimbo namba 288, iliyokuwa ikifuata mto kutoka Bryson City kwenda magharibi.

Sasa tazama ukingo wa kaskazini. Kati ya ziwa na mpaka wa hifadhi wa wakati huo kulikuwa na ekari 44,000 na familia 216 ambazo nyumba zao nyingi zisingefikiwa na maji. Mashamba yao yangebaki makavu, ila barabara yao ndiyo ingezama. TVA ilipiga hesabu: kujenga barabara mpya milimani katikati ya vita, chuma na saruji vikiwa adimu, ni gharama kubwa mno kwa familia chache vile. Ilikuwa nafuu kuwanunua wote, kuwahamisha, na kuikabidhi ardhi kwa hifadhi. Yaani watu hawa hawakuhamishwa na maji. Walihamishwa na kukosekana kwa barabara.

Wengine walikataa kuuza, wakaenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: TVA imepewa mamlaka ya kuchukua ardhi ya bwawa, na ardhi yetu si ya bwawa. Mahakama mbili za chini ziliwakubalia. Machi 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani ikazipindua, ikisema kwamba TVA inaweza kuchukua pia ardhi iliyotengwa na njia kwa sababu ya mradi. Kufikia hapo ziwa lilikuwa limeshajaa.

Mkataba wenyewe ulitiwa saini Julai 1943 na pande nne: TVA, jimbo la North Carolina, Kaunti ya Swain, na Wizara ya Mambo ya Ndani. Wizara hiyo Marekani haishughuliki na polisi, bali ndiyo mwenye kutunza ardhi ya taifa na hifadhi. Wizara ilikubali kujenga barabara mpya kwenye ukingo wa kaskazini baada ya vita, mara Bunge la Marekani litakapotoa fedha.

Ningependa msomaji asimame hapo kwenye "litakapotoa fedha". Hakuna mwaka uliotajwa, wala hakuna adhabu ya kuchelewa. Wizara inaahidi, lakini mfuko uko kwa Bunge, na Bunge si upande wa mkataba. Mtu anayekukopa kwa sharti la "nitakulipa nikipewa na mwingine" hajakuahidi kulipa, ameahidi kuomba. Sidhani viongozi wa kaunti walikuwa wajinga. Ilikuwa vita, vijana wao walikuwa mbali jeshini, na kumbana mwakilishi wa serikali juu ya tarehe kungeonekana kama kukosa uzalendo. Lakini saini ni saini, na kila kilichofuata kwa miaka 75 kilipita kwenye mwanya huo.

Na tazama tena zile pande nne. Familia 216 hazimo. Wao waliambiwa barabara itakuja na mtarudi kuyaona makaburi yenu, wakaamini, wakafunga mizigo. Yaliyosemwa mlangoni hayakuwa na mwenyewe kwenye karatasi.

Mwamba ukakataa

Kipande kifupi kilijengwa upande wa bwawa miaka ya 1940. Kile kirefu, cha upande wa Bryson City, kilijengwa kwa awamu miaka ya 1960, na ndicho chenye handaki. Mwaka 1972 kazi ikasimama.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni fedha, na fedha zilikuwa tatizo, lakini palikuwa na jambo la ardhi yenyewe. Sehemu ya milima hii ni mwamba unaoitwa Anakeesta, jiwe jeusi lenye tabaka-tabaka, na ndani yake mna madini ya chuma yaliyoshikana na salfa. Ukiwa umezikwa, mwamba huo hauna neno. Ukiupasua ukautandaza juani na mvuani, salfa inaungana na hewa na maji na kuwa asidi ya salfa, na asidi hiyo inateremka kijitoni. Hifadhi ilikuwa imekwisha kuliona hilo kwenye barabara kuu ya Newfound Gap, ambako baada ya matengenezo ya 1963 kijito kilichopokea maji ya mwamba uliopasuliwa kilipoteza samaki wake. Kuendelea na barabara ya kaskazini kulimaanisha kupasua mwamba wa aina hiyo juu ya vijito vyenye samaki bora kuliko vyote hifadhini, kilomita baada ya kilomita. Mlima uliotoa mabonde membamba ndio uliokataa barabara.

Hapa ndipo wengi wanapogawanyika, na mimi ninaamini wahifadhi walikuwa na haki kuhusu mwamba. Walikosea waliposema, kama baadhi walivyosema, kwamba kwa hiyo suala limekwisha. Kuthibitisha kuwa barabara ni hatari si sawa na kuthibitisha kuwa hakuna deni.

Miaka ya baadaye siasa ikaingia kwa uzito. Seneta Jesse Helms aliitetea barabara. Mwaka 2000 mbunge Charles Taylor alipata dola milioni 16 za kufufua mradi, na kwa sheria ya Marekani hilo likalazimisha tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini ikatoa hesabu iliyowanyamazisha wengi: kuimaliza barabara kungegharimu karibu dola milioni 600. Mwaka 2006 Taylor alishindwa uchaguzi na Heath Shuler, mzaliwa wa Bryson City aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani katika ligi ya kulipwa. Shuler alitaka fidia ya fedha badala ya barabara. Baraza la kaunti nalo lilikuwa limeshaelekea huko, ijapokuwa ndani ya mji ndugu na ndugu walikuwa hawasikilizani kwa jambo hilo. Desemba 2007 Idara ya Hifadhi ikaamua rasmi: hakuna barabara, kuwe na malipo.

Februari 2010 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ken Salazar, alifika Bryson City, mkataba mpya ukatiwa saini: dola milioni 52 badala ya barabara. Dola milioni 12.8 zililipwa mapema. Salio likawekwa kwa maneno ambayo ukiyasoma unashika kichwa, kwa sababu yalitegemea tena Bunge kutoa fedha. Kaunti iliyoumwa na sharti hilo 1943 ililikubali kwa mara ya pili. Miaka ikapita, na mwaka 2016 Swain ikaishtaki serikali kuu. Malipo ya mwisho, dola milioni 35.2, yalifika 2018.

Fedha hizo ziko chini ya uangalizi wa hazina ya jimbo. Kaunti inapokea riba ya kila mwaka, na mtaji haugusiki bila kura kubwa ya wananchi, theluthi mbili. Huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika kisa hiki. Kumbuka asilimia 86 isiyolipa kodi. Kwa kaunti ya namna hiyo, mfuko unaozaa kila mwaka na usioweza kuliwa na baraza moja lenye haraka ni sawa na shamba jipya. Na kuna haki ndani yake pia, maana Swain iliendelea kwa miaka mingi kulipa hati fungani ilizokopea barabara ambayo ilikuwa chini ya maji.

Upande wa pili wa ziwa

Kwenye ukingo wa kaskazini mna maeneo ya makaburi zaidi ya 20. Mengine yana mawe yenye majina yaliyochongwa, mengine ni jiwe la mtoni lililosimamishwa wima bila herufi yoyote, na anayejua aliyelala hapo ni mzee mmoja au wawili.

Watu wa milima hii wana desturi wanayoiita siku ya kupamba. Mara moja kwa mwaka, ukoo unakwenda makaburini. Wanakwangua majani na nyasi hadi udongo ubaki mtupu, wanauvuta kwa reki kuwa tuta la urefu wa mtu, wanapanga maua ya karatasi au ya plastiki, wanaimba tenzi, mhubiri anasema machache, kisha meza zinatandikwa hapo hapo na chakula kilichobebwa kutoka nyumbani kinaliwa karibu na wafu. Anayetoka katika jamii inayofyeka makaburi kabla ya kusoma dua, au inayokusanya ukoo mzima kujengea kaburi, hana haja ya kuelezwa kwa nini mtu ataona aibu kubwa akiacha tuta la mama yake limezwe na vichaka.

Baada ya 1944 desturi hiyo ilikuwa karibu kukatika kwa watu wa ukingo wa kaskazini. Mwaka 1978 wazaliwa wa kule wakajipanga, wakadai kuvushwa, na hifadhi ikaanza kutoa boti. Hadi leo, kuanzia majira ya kuchipua hadi mwishoni mwa kiangazi, kila eneo la makaburi hupangiwa siku yake. Watu wanafika gatini upande wa kusini, kwa mfano Cable Cove, wakiwa na mabeseni ya chakula, mashada na mikongojo. Boti inakata ziwa lililolala juu ya barabara ya 288. Ng'ambo, gari la hifadhi linawapandisha wasiojiweza kwa njia ya zamani ya vumbi, kupita palipokuwa Proctor, ambapo nyumba moja ya mbao bado imesimama, na kutoka hapo ni miguu, mara nyingine mlima mkali, hadi kwenye kijuu ambako mababu walichagua kuzika ili mafuriko yasiwafikie.

Hawa ndio niliowaita mdai wa pili. Mfuko wa dola milioni 52 hauwahusu moja kwa moja, kwani wengi wao au watoto wao walihamia kaunti nyingine na majimbo mengine, na riba inayolipia huduma za Swain haiwafikii. Walipopinga fidia, na wengi waliipinga hadi siku ya saini, walionekana wakaidi wasiojua hesabu. Mimi naona hesabu yao ilikuwa nyingine. Kaunti ilikuwa inadai thamani ya barabara, na thamani inaweza kugeuzwa dola. Wao walidai njia ya kwenda mahali, siku yoyote, bila kuomba ratiba kwa mtu, na hicho hakina bei sokoni. Wajumbe wa 2010 walipatanisha pande nne zilezile za 1943. Kwa sheria walikuwa sahihi kabisa, maana ndizo zilizotia saini.

Kama ningeulizwa nini kingefanyika tofauti, nisingeanza na lami. Hata mwaka 1943, bila mfuko wa saruji, ingewezekana kuandika kwamba familia zinazohama zina haki ya kudumu ya kufikishwa makaburini, kwa gharama ya mwenye ziwa, na kwamba haki hiyo inarithiwa na watoto wao. Aya moja ingetosha. Badala yake haki hiyo ilifichwa ndani ya ahadi ya barabara, na barabara ilipokufa, haki ikabaki kuwa hisani.

Wakati wa baridi TVA hushusha maji ya Fontana ili kupisha mvua za mwanzo wa mwaka. Ziwa linarudi nyuma kwa mita nyingi, kingo zinabaki matope mekundu, na sehemu fulani misingi ya nyumba na vipande vya barabara za zamani vinatokeza. Siku za kupamba haziko majira hayo. Boti zinaanza maji yakipanda.